Sista Alikataa Mashimo Matano

Shimo la kwanza la gofu, Sista alisema, huchezwa ukiwa umenuna. Si kwa hasira, maana mwenye hasira hupiga ardhi badala ya mpira. Ni kununa tu, kama mtu aliyerukwa kwenye foleni na anajua haki yake. Sababu ilikuwa veranda. Shimo hilo linaanzia mbele kabisa ya veranda ya klabu, ambapo wanaume hukaa na vikombe vyao wakimtazama kila anayeanza, na Sista aliamini kwamba mwanamke akiwachekea pale amekwisha kuomba ruhusa. "Ukicheka, watakupatia advice," aliniambia. "Nuna, piga, enda." Basi nikanuna. Mpira wangu wa kwanza ulienda kushoto na kuzama kwenye shamba la chai, lakini hakuna aliyethubutu kunishauri.

Alikuwa muuguzi wa zahanati ya shamba la chai, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita jina lingine. Mumewe alimwita Sista. Pasta wake alimwita Sista. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, mtu wa huku huku Bureti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye ukumbi uliojaa watoto wanaolia. Mimi ni mtoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, nami nikazaliwa hapa, nikasoma hapa, nikaajiriwa kiwanda kile kile. Kwa Sista nilibaki "msichana wa Kisumu" mpaka mwisho, ingawa Kisumu naijua kwa kupita tu nikienda matanga. Nilimlalamikia mara moja. Aliniuliza kama nataka aniite "msichana wa boila", ile mashine ya mvuke ya kiwandani kwetu, na sikulalamika tena.

Uwanja wenyewe nitaueleza kwa ufupi, kwa sababu wengi wa huku wameupitia nje ya ua maisha yao yote bila kujua unavyokaa. Mameneja wa zamani waliuchonga katikati ya chai, mashimo tisa. Matano ya kwanza yanazunguka upande wa juu na kurudi klabuni. Manne ya mwisho yanashuka bondeni hadi mtoni, yanapita kando ya zahanati, kisha yanapanda tena kwa taabu. Anayecheza kwa ajili ya kupigwa picha huishia la tano. Sista aliyapenda yale manne ya chini, na hayo ndiyo yaliyoleta vita.

Watu huuliza muuguzi aliingiaje kwenye mchezo wa wakubwa. Aliingia kupitia dirisha. Shimo la saba ni fupi, unavusha mpira juu ya mto, na ukizidisha nguvu unatua kwenye uwanja wa zahanati. Siku moja mpira ulivunja kioo cha chumba cha sindano. Sista aliuokota akaufungia kwenye kabati ya dawa, na tangu hapo kila mpira ulioingia kwake ukawekwa humo humo. Mipira ilipokuwa imejaa rafu nzima, meneja wa siku hizo alishuka mwenyewe kuidai. Sista alimwambia kwamba mipira imelazwa na itaruhusiwa kutoka ikipona. Meneja alicheka, akaomba tena, akakosa. Mwishowe Sista akataja sharti lake, kwamba afundishwe kuipiga, ili naye ajue ni ujinga gani unaovunja vioo vya wagonjwa. Meneja alidhani atachoka baada ya wiki moja. Huyo meneja aliondoka zamani, na Sista alikuwa bado anacheza.

Mimi nilimfahamu kwa njia ya ajabu zaidi. Kazi yangu ni kwenye vitanda vya kunyaushia majani, pale majani mabichi yanapotandazwa na kupulizwa hewa kabla ya kwenda kukatwa. Asubuhi moja, nikigeuza majani, mkono ukagusa kitu kigumu. Ulikuwa mpira wa gofu, una msalaba mwekundu uliochorwa kwa rangi ya kucha. Mchumaji fulani aliuokota katika chai akaurusha kikapuni pamoja na majani, ukapimwa, ukapandishwa trekta, ukafika kwangu. Mpira huo ungefika kwenye mashine ungetuharibia siku. Wenzangu walijua alama ya nani, kwa hiyo baada ya shifti niliupeleka kwake nikitegemea asante.

Sista aliugeuza mkononi, akaniuliza niliupata wapi. Nilipomweleza, uso wake ulibadilika, na nikaanza kukaripiwa kana kwamba nimevunja kitu. Nani aliniambia niuokote? Mpira huchezwa pale ulipolala. Mchumaji alikosa, dereva wa trekta alikosa, lakini mimi nilikosa zaidi kwa sababu nilikuwa wa mwisho, na kama ningeuacha angekuja na fimbo yake aupige kutoka pale pale kitandani. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikwenda kumwuliza msimamizi wetu wa shifti mlango wa kiwanda unaoelekea shimo la nne hufunguliwa saa ngapi, na yule mzee wa watu akanijia baadaye akiniuliza nimemletea balaa gani. Jumamosi iliyofuata Sista aliniita uwanjani. Mtu anayeokota mipira ya wengine, alisema, lazima afunzwe.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Hakufundisha jinsi ya kushika fimbo, hilo alisema kila mkono utajitafutia. Alifundisha mashimo. La pili linavuka barabara ya trekta za chai, na wachezaji wengi husimama kungoja trekta ipite. Sista hakungoja. Aliinua mkono kama anayesimamisha ambulansi, na trekta ikasimama na matela yake yote. Madereva walimwogopa. La tatu ni mlima, na juu yake kuna benchi. Hapo alikuwa akishika kifundo cha mkono cha kila aliyecheza naye, macho kwenye saa, midomo imebana. Aliyekuwa na moyo unaokimbia kupita kiasi alirudishwa nyumbani, na hapakuwa na rufaa. Aliwahi kumrudisha mwenyekiti wa kamati ya klabu, mhasibu mmoja mwenye viatu vya rangi mbili, mbele ya wageni wake kutoka Nairobi. Wapo wanaosema ugomvi wao ulianzia pale. Mimi nasema ulianzia verandani, siku alipokataa kumchekea.

Shimo la nne lilikuwa somo lake kubwa. Linajikunja kuizunguka chai, na wanaume hupenda kukata kona, wakipiga juu ya chai ili wafike mara moja. Mipira mingi hulala humo hadi leo. Sista alizunguka kwa mapigo madogo mawili, akawakuta bado wanatafuta. Na mpira wake ukiingia kwenye chai, kwa kuwa naye alikuwa binadamu, alifungua mfuko akatoa aproni ya plastiki ya mchumaji, akajifunga kiunoni kwa sababu ya umande, akaingia kiubavu kati ya mistari asivunje tawi. Kamati ilimtaarifu kwamba aproni ile si vazi la gofu. Aliwajibu kwamba chai nayo si nyasi, na aliendelea kuivaa. Baadaye alianza kuivaa tangu shimo la kwanza, mbele ya veranda, bila umande wowote.

Sitamfanya malaika. Alikuwa mkaidi hata pale ambapo ukaidi haukuwa na kazi. Aligombana na mwanawe wa pekee, mwalimu kule Sigor, kwa sababu alimnunulia viatu vya gofu vipya bila kumwuliza, na Sista akacheza mwaka mzima na gambuti ili mwana ajifunze adabu. Alikuwa mkali wa sheria kwa wengine, lakini mpira wake ukitua kwenye alama ya kwato za ng'ombe aliutoa kwa ncha ya gambuti akisema ng'ombe si mwanachama. Alihesabu mapigo yangu kwa sauti, hata yale niliyotaka yasahauliwe, na yake mwenyewe hakuyahesabu kamwe. Nilimwuliza mbona. Alisema alihesabu mapigo ya mioyo ya watu maisha yake yote ya kazi na sasa amestaafu.

Jumapili hakucheza. Alikaa kanisani kiti cha mbele, mikono mapajani, na wakati wa mahubiri marefu niliona vidole vyake vikijipanga upya kana kwamba vimeshika fimbo, kidole gumba juu, kidole gumba chini. Alimwombea mwenyekiti wa kamati kwa jina, hadharani, kwamba Mungu ampunguzie presha. Watu walisema amina. Mwenyekiti alikuwa viti vitatu nyuma.

Kuhusu mvua alikuwa na msimamo ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Hapa kwetu mvua ya mchana ina adabu ya kuja karibu kila siku, na mara nyingine huja na mawe yanayotoboa majani ya chai yakabaki kama kitambaa kilicholiwa na panya. Wengine hupanga mchezo waumalize kabla mvua haijafika. Sista alisema ukipanga maisha kwa kukimbia mvua ya Kericho hutafua nguo wala hutaolewa. Mawe yalipotukuta kwenye la sita, mimi nilikimbilia chini ya mti. Yeye aliweka mfuko wa fimbo kichwani, akasimama palepale bondeni, akangoja, halafu akapiga mpira wake kati ya mawe meupe yaliyotapakaa, akilalamika tu kwamba yote yanafanana na mpira.

Ndipo shamba likapata wenyewe wapya. Wafanyakazi tuliogopa kazi zetu, na tulikuwa na sababu, mashine za kuchuma zilikuwa zimeshaanza kupita shambani. Lakini kwa klabu habari ilikuwa hii: yale mashimo manne ya chini yangepandwa miti ya blugamu kwa ajili ya kuni za boila, na uwanja ungebaki wa mashimo matano. Kamati ilikuwa imekubali kabla hata ya kutuita. Mkutano ulifanyika hapo hapo verandani. Mwenyekiti alieleza kwamba matano yanatosha, kwamba wanachama wengi huishia hapo, kwamba mtu akitaka tisa anaweza kuzunguka karibu mara mbili. Vichwa vilitikiswa kukubali. Mimi nilikaa nyuma nikiwa na koti la kiwanda, nikijua ninayemfanyia kazi ni nani.

Sista alisimama na aproni yake.

"Mama akikuja kuzaa," alisema, "nimwambie tumefika nusu, inatosha, enda nyumbani?"

Kicheko kilipita. Hakukaa chini. Alisema hakuja pale kuchekesha mtu. Alisema yale mashimo ya juu ni ya kuonyeshwa watu na ya chini ni ya kucheza, na yeye atacheza tisa. Mwenyekiti alimwambia kwa upole wa mtu aliyeshinda kwamba baada ya mwezi huo hakutakuwa na tisa. "Hiyo ni yako," Sista akamjibu. "Mimi nimesema yangu."

Na alicheza. Miche ilipandwa kwa mistari kuanzia la sita, kila mmoja na kijiti chake, na kila Jumamosi Sista alimaliza la tano mbele ya klabu, akawapita watu waliokuwa wakipeana mikono, akashuka bondeni. Mimi nilimfuata. Bendera ziling'olewa, akacheza bila bendera. Mashimo yakajazwa udongo, akaja na kijiko cha kupandia miche ya mboga na mikebe ya mafuta ya kupikia, akachimba pale pale yalipokuwa, akaizika mikebe, mdomo sawa na nyasi. Alinifundisha upya kila shimo. La sita sasa unapiga chini chini, mpira upite kati ya mistari ya miche, kwa hiyo usitumie fimbo ya kuinua. La saba halijabadilika, mto haupandwi miti. La nane piga kwa kukata tamaa kidogo, kwa sababu mlima na miti pamoja ni vingi, na anayetaka kufika mara moja atalia. La tisa utaliona ukifika.

Watu walidhani anaichukia ile miti. Siku moja mpira wangu uligonga mche ukauinamisha, shina likachanika. Nilitaka kuendelea. Sista alipiga magoti, akatoa bendeji kwenye mfuko, akaufunga mche vizuri na kijiti chake, kama mguu wa mtoto, akakaza fundo. Nilimwambia kwamba huo ni mti wa adui. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mti haujafanya meeting," akasema, na akaniambia nipige tena, na hilo ni pigo la nne, nisidhani amesahau.

Malalamiko yalimfikia mwanawe kule Sigor. Alikuja na gari, akaongea naye kutwa nzima jikoni, akimwambia kwamba anaweza kushtakiwa kwa kuingia shamba la watu, kwamba anamwaibisha, kwamba umri umekwenda. Mimi nilikuwa hapo nikimenya viazi. Sista alimsikiliza hadi mwisho, akampakulia chakula, akamwuliza kama ameonana na daktari juu ya ule mgongo wake. Mwana akarudi Sigor na maziwa na kuku. Sista hakubadilisha kitu.

Kilichomsimamisha ni nyonga. Aliteleza kwenye la nane, pale mlima ulipoloa, akaanguka akiwa na fimbo mkononi. Wachumaji walimbeba, akiwaelekeza wamshike wapi. Alilazwa hospitali ya Kapkatet, na nilipokwenda kumwona nilimkuta akimsahihisha muuguzi kijana namna ya kukunja shuka. Aliponiona hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza kama miche imefika magotini au kiunoni. Nilimwambia kiunoni. Alifumba macho kidogo. Kisha akasema kwamba ile raundi haijaisha, alianguka akiwa na shimo moja na nusu mbele yake, na yeye hajawahi kuacha wodi katikati ya shifti.

Nilikasirika. Nilimwambia kuna watu wanaompenda wanaotaka awe na miguu. Alisema anajua, na ndiyo maana ananiambia mimi na si wao.

Ilichukua miezi. Aliporudi nyumbani alitembea kwa fimbo namba saba aliyoigeuza mkongojo, akikataa ule wa hospitali. Wakati huo kampuni ilikuwa imeweka walinzi bondeni kwa sababu watu walikuwa wakikata miche kwa kuni, na agizo lilikuwa wazi kwamba asiye mfanyakazi asionekane mle. Mimi ni mfanyakazi. Ningeonekana mle na mtu aliyekatazwa, ningeitwa ofisini, na siku hizo aliyeitwa ofisini alirudi na bahasha ya kuachishwa kazi. Nasema hivi kwa sababu niliogopa, na sioni haya. Lakini asubuhi ile aliponipigia simu na kusema "niko tayari", nilivaa viatu.

Baada ya siku hiyo nilimwona mara nyingine kadhaa, kitandani, akiwa mdogo kuliko mto wake, na hizo mara sizihesabu kuwa zake. Yake ni hii.

Tuliingia kutokea upande wa zahanati, polepole, mkono wake mmoja begani mwangu. Miti ilikuwa imetupita urefu na majani yake yalinukia dawa ya kifua. La nane alilimaliza kwa mapigo mengi madogo, kila moja likifuatwa na pumziko refu, na mara mbili nilimshika asianguke. La tisa linapanda kuelekea klabuni, lakini kutoka chini huoni klabu, unaona miti tu, na Sista alipiga kuelekea mahali alipojua. Nilibeba mfuko na kuangalia nyuma. Tulipofika juu, kwenye kijiuwanja kile cha mwisho ambacho nyasi zake zilikuwa zimefika vifundoni, nilipapasa chini nikaupata mkebe, umejaa majani makavu. Nikayazoa. Mpira wake ulikuwa umebaki hatua chache kutoka hapo.

Askari alitokea kati ya mistari. Alikuwa kijana wa kampuni ya ulinzi, si wa huku, rungu mkononi, redio kifuani. Alikuja moja kwa moja akasimama kati ya Sista na mkebe.

"Mama, hapa hakuna ruhusa. Hii si uwanja tena. Ni msitu wa kampuni."

Sista hakumwangalia. Alikuwa akiangalia nyasi.

"Mama, nimeambiwa nitoe mtu yeyote. Nitaita gari."

Nilianza kumwelezea kwamba mama ametoka hospitali, kwamba tunaondoka sasa hivi. Sista aliniwekea kiganja hewani, ule mkono wa kusimamisha trekta. Kisha akamtazama askari, akaanzia viatu.

"Umesimama mahali mpira yangu inapita," alisema. "Sogea."

Sijui ni nini kilimsogeza. Labda mamake naye ana sauti kama ile. Labda hakuwahi kuambiwa sogea na mtu anayeshikiliwa asianguke. Alisogea kando, na akiwa amesogea akaangalia chini pale viatu vyake vilipokuwa vimekanyaga, akanyoosha zile nyasi kwa mguu, kidogo, kisha akaona anachofanya akaacha.

Sista aliondoa mkono wake begani mwangu. Alisimama peke yake, miguu imepanuka, nyonga mbovu ikitetemeka ndani ya sketi. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akichukua. Mpira ulisuasua kwenye nyasi ndefu, ukaelekea kusimama, halafu ukaanguka mkebeni, na bati likalia. Hakutabasamu. Alinirudishia uzito wake begani, akafuta ncha ya fimbo kwenye aproni, akamgeukia askari.

"Haya," alimwambia. "Sasa unaweza kunifukuza."